Gari Likishagonga Jiwe: Namna ya Kutambua na Kutengeneza Madhara ya Saspensheni

Lori linapoharibika mlimani, utingo hushuka, hukata matawi na kuyalaza barabarani yawe tahadhari, kisha hutafuta mawe makubwa ya kuzuia magurudumu ili gari lisirudi nyuma. Baada ya saa chache, au siku mbili, lori hutengenezwa na kuondoka. Mawe hubaki. Desturi hiyo inajulikana katika barabara nyingi za Tanzania, hasa penye miinuko mikali kama Kitonga na Sekenke, na haikosekani katika barabara za vumbi zinazoingia vijijini. Pamoja na mawe hayo hukutwa vipande vya matairi ya malori yaliyopasuka, magogo yaliyodondoka kwenye shehena za kuni, vipande vya nondo, na miamba midogo iliyosombwa na maji ya mvua kutoka kwenye kingo za barabara.

Dereva anayefika hapo usiku, akimulikwa na taa za gari linalokuja mbele yake, huliona jiwe likiwa limebaki umbali usiotosha kusimama. Hulikwepa nusu, gurudumu moja hulipanda, usukani hushtuka mikononi, na gari huendelea. Kesho yake usukani umekaa upande, na mwenye gari anakwenda moja kwa moja mahali pa kupimia alaimenti ya magurudumu.

Hapo ndipo matengenezo mengi huanza vibaya. Alaimenti ni kazi ya mwisho. Ikifanywa kwanza, fundi huzungusha tai rodi mpaka usukani unyooke, na kipande kilichopinda au kulegea hubaki palepale, kimefichwa. Gari hutoka gereji likiwa zuri mkononi, huku kiungo kinachoshika gurudumu kikiwa kimeng'oka nusu. Katika gari la familia hilo ni jambo zito. Katika Noah au Hiace inayobeba abiria kila siku ni zito zaidi, kwa kuwa kiungo kilicholegea huachia gari likiwa katika mwendo, gurudumu hulala ubavuni, na dereva hana tena la kufanya na usukani.

Dakika za kwanza

Baada ya kugonga, dereva asikanyage breki kwa nguvu. Ikiwa tairi limepasuka au mkono wa gurudumu umevunjika, breki ya ghafla hulivuta gari upande ulioumia. Mguu uondolewe kwenye mafuta, usukani ushikwe kwa mikono miwili, gari lipungue mwendo lenyewe na litoke nje ya njia. Taa za dharura ziwashwe na pembetatu za tahadhari ziwekwe mbele na nyuma. Matawi na mawe hayaonekani vyema usiku, na ndiyo yaliyoleta hasara tayari.

Kisha gari litazamwe kwa tochi, kwa utaratibu. Kwanza matairi. Jiwe linapobana tairi dhidi ya rimu, nyuzi zilizo ndani ya ukuta wa tairi hukatika, na baada ya muda mfupi hutokea uvimbe kama jipu. Tairi lenye uvimbe halizibwi wala halipunguzwi upepo ili litumike, huondolewa. Ukuta wa ndani, ule unaotazama chini ya gari, ndio husahaulika, nao huumia sawa na wa nje. Rimu nayo ipapaswe ukingoni, pande zote mbili.

Pili, gari lisimame mahali tambarare na mtu arudi nyuma hatua kumi alitazame kwa mbele. Je, gurudumu moja limelala zaidi ya mwenzake? Je, nafasi kati ya tairi na madigadi ni sawa kushoto na kulia? Vidole vya mkono vinatosha kuwa kipimo: vinne upande huu na viwili upande ule ni dalili kwamba springi imevunjika, shokapu imepinda, au mkono wa chini wa gurudumu umesogea. Itazamwe pia nafasi ya mbele na ya nyuma ya tairi ndani ya madigadi, kwa kuwa jiwe husukuma gurudumu kwenda nyuma kuliko linavyolisukuma kwenda juu.

Tatu, chini ya gari. Oili inayodondoka huonyesha kuwa sampu imepasuka. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, injini izimwe hapohapo, kwani injini isiyo na oili huharibika kwa dakika chache, na gharama yake huzidi mara nyingi ile ya saspensheni yote. Maji mepesi karibu na gurudumu, pamoja na kanyagio la breki linaloshuka kuliko kawaida, ni dalili ya bomba la breki kukatika. Harufu ya petroli haihitaji maelezo.

Gari lenye gurudumu lililolala, breki iliyolegea, oili inayomwagika au usukani unaokwama lisiendeshwe hata kilomita moja; livutwe au libebwe. Lenye usukani uliokaa upande kidogo bila dalili nyingine laweza kupelekwa gereji ya karibu kwa mwendo wa taratibu, bila abiria. Mwendo wa taratibu hapa maana yake ni ule ambao gurudumu likiachia, gari linasimama bila kupinduka.

Kabla ya kuondoka, picha za jiwe, barabara na gari zipigwe. Mwenye bima kubwa atazihitaji, pamoja na taarifa ya mapema kwa kampuni yake, na mara nyingi ripoti ya polisi, kabla gari halijafunguliwa na fundi. Bima ndogo, ya mhusika wa tatu, hailipi matengenezo ya gari la mwenye bima mwenyewe. Na jiwe liondolewe, ikiwa magari yanaruhusu na pana mtu wa kuangalia upande wa pili. Gari lililoumia limeshaumia. Anayefuata huenda ni wa bodaboda, ambaye hana chuma kinachomkinga. Kizuizi kisichoweza kuondolewa kwa mikono kiripotiwe kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, naye atajua pa kukipeleka: barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS, na zile za wilaya, za mijini na vijijini, zinasimamiwa na TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017.

Pigo linapita wapi

Ili kujua cha kukagua, yafaa kufuata njia ya pigo. Huanza kwenye tairi, huingia kwenye rimu, hupita kwenye habu na beringi yake, kisha hugawanyika. Sehemu hupanda juu kwenye shokapu na springi. Sehemu huenda kwenye mkono wa chini, ambao mafundi wengi huuita wishiboni, kupitia boli jointi iliyo nchani mwake, na kuishia kwenye bushi za mpira zinazoufunga mkono huo na fremu. Sehemu ya tatu hupita kwenye tai rodi mpaka kwenye stelingi. Kila kiungo katika njia hiyo ni mahali ambapo pigo linaweza kuwa limesimama. Kiungo dhaifu zaidi, au kilichokuwa kimechakaa tangu awali, ndicho huvunjika. Na ndiyo sababu magari mawili yaliyogonga jiwe lilelile huumia tofauti.

Ukaguzi gereji

Gari liinuliwe kwa jeki na kuegeshwa juu ya stendi imara, magurudumu mengine yakiwa yamezuiwa. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Kanuni hii inajulikana kwa kila fundi na huvunjwa kila siku.

Gurudumu likiwa hewani, fundi hulishika juu na chini kwa mikono miwili na kulitikisa, mkono mmoja ukivuta na mwingine ukisukuma. Likicheza, kuna mambo mawili yanayowezekana: beringi ya habu au boli jointi. Kuyatofautisha ni rahisi, nako huokoa fedha nyingi. Msaidizi akae kwenye usukani na kukanyaga breki, na fundi atikise tena. Uchezaji ukipotea, tatizo ni beringi, kwa sababu breki imeishika habu. Ukibaki, tatizo ni boli jointi au bushi, na hapo mtu mwingine amulike kwa tochi nyuma ya gurudumu ili kuona chuma kipi kinasogea.

Kisha gurudumu hushikwa kushoto na kulia na kutikiswa vilevile. Uchezaji wa namna hii huelekeza kwenye nchi za tai rodi au kwenye stelingi yenyewe. Kidole kikiwekwa juu ya kiungo cha tai rodi wakati gurudumu linatikiswa, mcheko wake husikika kabla haujaonekana.

Kwa magari madogo mengi yanayotumika nchini, kama IST, Probox na Noah, uzito wa mbele hubebwa na springi iliyozunguka shokapu, na boli jointi ya chini haibebi mzigo huo. Hivyo hukaguliwa gurudumu likining'inia, na fundi huweka mtaimbo kati ya mkono wa chini na kipande cha chuma kinachoshika habu, kisha kubinya polepole. Katika pikapu na Hiace nyingi, uzito hubebwa na mkono wa chini. Hapo jeki huwekwa chini ya mkono huo, karibu na gurudumu, ili boli jointi ipunguziwe mzigo. Vinginevyo uzito wa springi huibana na uchovu wake hauonekani hata kwa fundi mwenye macho makali.

Gurudumu lizungushwe kwa mkono. Sauti ya mkwaruzo au mvumo ni beringi. Ukingo wa rimu unaoyumba, ukipimwa kwa kipande cha waya kilichosimamishwa karibu nao, unaonyesha rimu iliyopinda au habu iliyopinda. Kulibadili gurudumu na lingine lililo zima hutoa jibu la lipi kati ya hayo mawili.

Shokapu itazamwe kwenye fimbo yake inayong'aa. Oili iliyotapakaa kwa nje, pamoja na vumbi lililogandamana nayo, ni dalili ya sili kuvuja. Watu wengi huipima shokapu kwa kubonyeza pembe ya gari na kuiachia: ikipanda na kutulia mara moja, wanasema ni nzima. Kipimo hicho kinafaa kwa shokapu iliyochoka, lakini hakimwambii mtu chochote kuhusu fimbo iliyopinda. Fimbo iliyopinda hukwaruza upande mmoja, huonekana ikichunguzwa usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, na mara nyingi ndiyo inayolaza gurudumu. Springi nayo huvunjika kwenye mzunguko wake wa chini kabisa, ndani ya kikombe, mahali ambapo matope hulificha jeraha. Papigwe maji kwanza.

Gari lenye springi za majani nyuma lina siri yake. Majani hayo hufungwa pamoja na bolti ya katikati, ambayo kichwa chake huingia kwenye tundu la eksili na kuizuia isisogee. Pigo likiikata bolti hiyo, eksili huteleza nyuma upande mmoja na gari huenda mshazari kama kaa, mbele likitazama huku na nyuma likifuata kule. Hakuna alaimenti ya mbele itakayoponya hilo. Futi ya fundi cherehani inatosha kulithibitisha: pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto na wa kulia, usukani ukiwa umenyooka. Kwa magari ya kawaida vipimo viwili hivyo vinapaswa kulingana. Tofauti inayozidi sentimita moja hivi inataka maelezo. Kipimo hichohicho hutumika kwa gari dogo lililosukumwa gurudumu la mbele kwenda nyuma.

Sauti nazo husema, ingawa si mashahidi wa kutegemewa peke yao. Kugonga kukavu kwenye matuta madogo katika mwendo mdogo mara nyingi ni stabilaiza linki, ambayo bei yake ni nafuu na hatari yake si kubwa. Mshindo mzito mmoja wakati wa kukanyaga breki hutoka kwenye bushi iliyochanika. Mlio wa taka-taka-taka wakati wa kukata kona huku gari likivuta ni kiungo cha ekseli ya kuendeshea, na grisi iliyorukia ndani ya rimu huonyesha kuwa mpira wake umepasuka. Mpira ukiwahiwa, kiungo hupona. Ukiachwa, mchanga huingia na kiungo chote hununuliwa.

Kipi kinyooshwe, kipi kitupwe

Katika gereji nyingi za mitaani mkono uliopinda hupashwa moto kwa gesi, hunyooshwa kwa nyundo na kurudishwa. Mwenye gari huona ameokoa fedha. Chuma cha mkono huo, hata hivyo, kilipewa nguvu zake kiwandani, na moto wa gereji huziondoa. Kinachorudi kina umbo la zamani bila uimara wa zamani. Mkono wa alumini ni mbaya zaidi, kwani hupata nyufa ambazo jicho halizioni. Boli jointi iliyolegea nayo huchomelewa ili isichomoke, na hilo halifai kwa gari lolote, achilia mbali la abiria. Mkono wa gurudumu, kipande kinachoshika habu, tai rodi na boli jointi: vikipinda au kulegea, hubadilishwa. Rimu ya chuma iliyopinda kidogo ukingoni yaweza kunyooshwa na mtu anayejua kazi yake. Spoti rimu yenye ufa isichomelewe ili irudi barabarani.

Spea za mtumba zina nafasi yake. Mkono mzima uliotoka kwenye gari lililobomolewa, au rimu iliyonyooka, ni ununuzi wa busara ikiwa umelinganishwa na ule wa zamani ukiwa umewekwa kando yake mezani. Vyenye mpira na vyenye kuzunguka, yaani bushi, boli jointi, nchi za tai rodi na beringi, vinunuliwe vipya, kwa kuwa umri wake hauonekani kwa nje. Shokapu hubadilishwa mbili kwa pamoja katika eksili moja. Ikibadilishwa moja, gari hukanyaga upande mmoja kwa uthabiti na mwingine kwa ulegevu, na breki ya ghafla hulivuta.

Mwenye gari ana haki ya kuonyeshwa. Fundi mwaminifu humwita mteja, hulitikisa gurudumu mbele yake, na humpa kipande kilichotolewa akipeleke nyumbani. Anayetaja vipande sita kwa mkupuo bila kuinua gari anakisia kwa fedha za mwingine.

Katika kufunga, mambo mawili hupuuzwa. La kwanza ni pini ndogo inayozuia nati ya boli jointi na ya tai rodi isifunguke. Pini hiyo iwe mpya kila mara, si waya uliookotwa. La pili linahusu bushi za mkono wa chini. Bolti zake zisikazwe kwa nguvu ya mwisho gurudumu likiwa linaning'inia. Mpira wa bushi umeshikamana na chuma cha ndani. Ukikazwa katika hali hiyo, gari likishushwa mpira hujisokota na kubaki umejisokota muda wote, na baada ya miezi michache huchanika. Bolti zishikizwe kwanza, gari lishushwe likae kwa uzito wake, kisha zikazwe. Bushi nyingi zinazolaumiwa kuwa ni feki zilifungwa vibaya.

Alaimenti, sasa

Vipande vyote vikishakuwa vizima na vimefungwa, ndipo gari huenda kwenye mashine. Mwenye gari aombe karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada. Namba mbili ndizo za kutazamwa: ile inayoonyesha matairi yanavyoelekeana kwa mbele, ambayo hurekebishwa kwa tai rodi, na ile inayoonyesha gurudumu linavyolala kwa ndani au kwa nje. Katika magari madogo mengi hii ya pili haina mahali pa kurekebishiwa. Kwa hiyo ikibaki nje ya kipimo upande ulioumia, mashine inasema kwamba kuna chuma ambacho bado kimepinda: fimbo ya shokapu, kipande kinachoshika habu, mkono, au fremu yenyewe mahali mkono unapofungwa. Gari lirudi kwa fundi. Anayepokea karatasi yenye rangi nyekundu na kuambiwa kuwa ni kawaida ya gari la umri huo ameuziwa kazi isiyokwisha.

Majaribio ya barabarani yaanze kwa mwendo mdogo katika barabara isiyo na watu, kwa breki za polepole na kisha za ghafla, usukani ukiachiwa kidogo kuona kama gari linashika njia. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, na wakati huo nati za viungo vilivyobadilishwa zitazamwe pia. Kwa mwezi mmoja wa kwanza, kiganja kipitishwe juu ya uso wa tairi kila wiki, kutoka ndani kwenda nje na kurudi. Mpira ulio laini upande mmoja wa mpitisho na wenye meno upande wa pili unaonyesha kuwa matairi hayaelekeani sawasawa. Ulioliwa ukingo mmoja tu unaonyesha gurudumu lililolala. Mojawapo ya dalili hizo ikionekana, karatasi ya alaimenti irudishwe kwa fundi pamoja na gari.